Pofu wa Mlima Kundelungu

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya farasi Elisabethville, hucheka kwanza. Mji wa shaba, moshi na reli, farasi walitoka wapi? Walikuwapo. Wazungu wachache walikuwa nao, na bwana wetu alikuwa na watatu. Nami ndiye niliyewalisha, nikawasugua na kuwachokoa mawe kwenye kwato kila jioni. Sikuipenda kazi hiyo siku za mwanzo. Farasi ni mnyama mwenye kiburi na tumbo dhaifu, na akiumwa, anayetukanwa si yeye.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mlinzi wa usiku kwa bwana huyo huyo. Sisi ni watu wa Lukafu, chini ya mlima Kundelungu, na yeye kabla ya kuja mjini alikuwa mwindaji anayejulikana kwetu. Bwana alipogundua hilo, ulinzi ukakosa umuhimu. Kila kiangazi alimchukua kaka awe kiongozi wake wa kuwinda, na kwa sababu bwana alipenda kuwinda juu ya farasi kule mlimani, ikabidi kaka naye apande. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mtu aliyemfuata nyati kwa miguu bila kutetemeka alikaa juu ya tandiko kama gunia la makaa, ameshika shingo ya farasi kwa mikono miwili, na mimi nikamcheka mpaka machozi. "We cheka tu," aliniambia. "Huyu nyama iko na roho mubaya."

Safari ninayoikumbuka ni ya miaka ya baada ya vita, na nyama aliyetakiwa alikuwa pofu. Pofu ni mkubwa kuliko ng'ombe dume, ana pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia kooni, na haui mtu ovyo. Lakini kwetu wawindaji walimwogopa kuliko simba. Walisema damu yake ina kitu. Anayemuua pofu hurudi nyumbani akiwa hatari kwa mtoto mchanga. Hamshiki, halali naye chini ya paa moja, wala havuki kizingiti cha chumba alimo mtoto huyo, mpaka aoshwe. Na hawezi kuoshwa na yeyote tu. Anayemwosha ni yule aliyemfundisha kuwinda na kumpa dawa ya uwindaji, basi.

Mwaka huo shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba iliyokomaa. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila mtoto. Watu wa kambini, kambi ya wafanyakazi tulimoishi, walikuwa wameanza kusema, na shemeji alikuwa amezoea kuchota maji bombani wakati wanawake wengine hawapo. Sasa tumbo lilikuwa mbele yake na alichota maji saa yoyote aliyotaka. Kaka alitengeneza kitanda kidogo cha mbao za sanduku. Alikipiga msasa jioni baada ya jioni mpaka nikamuuliza kama anataka kukimaliza mbao.

Kwa hiyo bwana alipotangaza safari, kaka alikwenda kumwona, kofia mkononi, nami nilikuwa nyuma yake na ndoo ya maji ya farasi.

"Bwana, bibi yangu iko karibu ya kuzala. Nitakuonyesha njia, nitakuonyesha pofu. Lakini mukono yangu haitamuua."

Bwana alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mnene mwenye uso mwekundu na mkarimu akiwa ameshiba. "Bon. Mimi ndiyo ya kuua," alisema. "Weye ya kuonyesha tu." Kaka alirudi uani amefurahi. Alikuwa amepewa neno, na yeye alikuwa mtu wa kuamini neno.

Tulikwenda Lukafu kwa lori, farasi wamefungwa nyuma na mimi katikati yao nikiwabembeleza kila shimo la barabara. Pale bondeni mbung'o ni wengi, na mbung'o akimuuma farasi, ndiyo mwisho wa farasi. Tulivuka alfajiri, baridi ikiwa bado imewagandisha wadudu majanini, huku nikiwapaka farasi mafuta ya taa miguuni na tumboni. Kisha tukaanza kupanda. Njia ya Kundelungu haina huruma. Mawe yanateleza chini ya kwato, farasi wanahema, na ukitazama chini unaona vilele vya miti ambayo muda mfupi uliopita ulipita chini yake. Bwana hakushuka hata pale alipopaswa kushuka. Mimi niliuma meno na kumhurumia farasi.

Juu ni dunia nyingine. Hakuna mbung'o, hakuna msitu, ni majani mafupi tu ya rangi ya manjano mpaka macho yachoke, na upepo baridi unaoingia kwenye mifupa. Asubuhi barafu nyembamba ilikuwa juu ya maji ya ndoo yangu, na nilimwita kaka aje aone. Aliivunja kwa kidole. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida yake. Usiku uliotangulia, karibu na moto, aliniambia jina alilotaka kumpa mtoto akiwa wa kike, na lingine akiwa wa kiume. Majina hayo sitayaandika hapa.

Kaka alipata nyayo za kundi la pofu mapema. Alishuka, akagusa mavi kwa mgongo wa mkono, akapanda tena. Tuliwafuata kwa mwendo wa taratibu mpaka tukawasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu pofu akitembea magoti yake hulia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Kisha wakatuona wao. Pofu hakimbii kama swala. Anatimka kwa mwendo mmoja, mzito, wala hachoki upesi, na mtu wa miguu hamwezi. Hapo ndipo farasi anapokuwa na maana. Bwana alimpiga farasi wake ubavuni na tukaondoka wote watatu, kaka mbele upande wa kushoto kuwageuza wanyama waje kwetu, na lazima niseme kwamba siku hiyo alikaa juu ya tandiko kama mtu. Nilijivuna. Kwa muda huo mfupi, juu ya mlima ule, nilisahau kwamba mimi ni mtumishi wa mtu.

Dume kubwa lilibaki nyuma ya wenzake. Bwana alisimamisha farasi, akapiga. Dume lilikwenda hatua chache likaanguka kwenye majani. Bwana alipiga kelele ya furaha, akaruka chini, akaenda mbio kulitazama. Kaka alimwita: "Bwana, ngoja! Ngoja kwanza!" Hakungoja. Alikuwa ameegemeza bunduki begani kama jembe, na alikuwa amefika karibu kiasi cha kuligusa kwa mguu, pofu lilipoinuka.

Liliinuka lote kwa mara moja. Bwana alianguka chali, bunduki ikamtoka. Mimi nilikuwa mbali, nimeshika hatamu za farasi wawili waliokuwa wakivutana kama wazimu. Kaka alikuwa na bunduki ya pili ya bwana mgongoni, ile ya kubebewa tu. Nilimwona akiitoa. Nilimwona pia akisita. Watu hawaniamini nikisema hivyo, kwamba katika kufumba na kufumbua mtu anaweza kusita, lakini mimi namjua kaka yangu na nilikiona kichwa chake kikiinama kidogo. Halafu akapiga. Pofu lilianguka tena, pembe moja imechimba ardhi karibu na kiuno cha bwana.

Bwana alimkumbatia. Hata alilia, akamwita ndugu yake. Alimpa pakiti nzima ya sigara na saa yake ya mkononi. Kaka alivipokea kwa mikono miwili kama adabu ilivyotaka, kisha akanipa mimi vyote bila kuvitazama. Tulipochuna hakugusa nyama. Alikwenda kwenye kijito akaosha mikono kwa mchanga, akaosha tena, ingawa alijua kabisa kwamba maji ya kijito si maji yanayohitajika.

"Mwalimu wangu iko Lukafu," aliniambia. "Tutashuka, ataniosha, kwisha." Alisema kwa sauti ya kawaida, nami nikapumua.

Tuliposhuka Lukafu, mzee yule hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye matanga kijiji cha jirani. Mkewe alituambia atarudi kesho asubuhi, hakika, kwa sababu mihogo yake ilikuwa imelowekwa. Kesho asubuhi! Kaka alikwenda kwa bwana, akamweleza yote, kinagaubaga, bila haya, jambo la mila mbele ya mtu asiye wa mila.

"Bwana, siku moja tu. Kesho mapema tunatoka."

Bwana aliutazama mzigo kwenye lori. Kichwa cha pofu kilikuwa kimefungwa magunia yenye chumvi, na inzi walikuwa wamekwisha kupata habari. "Hapana," alisema. "Kichwa itaoza. Na mimi iko na kazi." Halafu akamshika kaka bega kwa upole, na huo upole ndio ninaouchukia mpaka leo. "Ile ni maneno ya zamani. Weye muntu ya akili. Panda."

Angeweza kukataa kupanda. Wajukuu wangu huniuliza hivyo, na ni swali la watu walioshiba. Mtu aliyeacha kazi njiani alipoteza na nyumba ya kambini, na mkewe mwenye tumbo angetolewa nje na vyungu vyake. Kaka alipanda lori. Alikaa nyuma pamoja na farasi, mbali na kile kichwa.

Tulipofika kambini mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wa kike, mzima, mwenye sauti kali iliyosikika barabarani. Majirani walimpigia kaka vigelegele. Yeye alisimama nje ya ua, akamwambia mkewe kutoka pale pale kilichotokea. Shemeji aliingia ndani, akatoka na mtoto, akasimama mlangoni juani na kumfunua uso. "Muangalie tu kutoka pale," alisema. "Masikio ni yako." Ndivyo walivyofanya kila asubuhi. Yeye mlangoni, kaka kwenye ukingo wa ua, na katikati yao uwanja mtupu uliofagiliwa. Usiku kaka alilala kwangu, nyuma ya banda la farasi.

Katekista, mwalimu wa dini, alikuja kumwambia kwamba hayo ni giza, kwamba amchukue mtoto wake. Mimi nilikuwa nikisali kila Jumapili na sikujua niamini lipi. Namsema kaka kama alivyokuwa. Hakuwa mjinga wala hakumpenda mtoto kidogo. Alikuwa amesubiri miaka mingi, na hakutaka kumjaribia mwanawe kitu asichokuwa na hakika nacho. Aliomba karatasi ya ruhusa ya kwenda Lukafu, maana bila karatasi hatukutoka mjini. Bwana alisema, tutaona. Aliomba tena. Bwana alikuwa na wageni waliokuja kutazama kichwa cha pofu, kilichokuwa kimekwisha kutundikwa sebuleni.

Kiangazi kile kilikuwa na baridi na vumbi, na kikohozi kilipita kambi nzima kikichagua watoto. Mtoto alianza kukohoa. Shemeji alimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudi. Kaka alikaa kwenye ukingo wa ua siku nzima akisikiliza kifua cha mtoto kilichosikika mpaka nje, na kila kikohozi kilimwinua kidogo kutoka alipokaa. Nilimwambia, kwa neno letu la kumwita kaka mkubwa, "Yaya, ingia." Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Sasa ndiyo nitaingia? Sasa, na iko mugonjwa?" Nilimchukia bwana, nikamchukia pofu, na kwa kitambo nikaichukia hata mila yetu, naandika hivyo bila kuona haya.

Mtoto alikufa asubuhi, jua limeshatoka. Tuliusikia ukimya kwanza, halafu shemeji.

Wanaume wa kambi walikuja, na mmoja alinyoosha mikono kumpokea mtoto ili ampeleke kwenye kijisanduku. Kaka alivuka ua. Alitembea katikati ya uwanja ule mtupu, akapita kizingiti, watu wakampisha. "Muniletee," alisema. "Sasa haiko kitu naweza kumufanya." Shemeji alimweka mikononi mwake. Kaka hakujua namna ya kushika mtoto, mikono yake ilikuwa juu mno, na shemeji alimshusha kiwiko ili kichwa kikae vizuri. Alisimama hivyo muda mrefu akimtazama.

"Hamukunambia kama iko muzito," alisema.

"Alikuwa ananyonya muzuri," shemeji alimjibu.