Mtungi Uliowekwa Mbele

Pale Kaloleni, mtungi ulikuwa na heshima ya mwenyewe. Ukishauweka kwenye foleni ya bomba, ungeweza kurudi nyumbani ukachemsha uji. Hakuna aliyethubutu kuusogeza. Ndiyo maana jioni ile, nilipoukuta mtungi wetu wa manjano umetolewa mkiani na kuwekwa mbele kabisa, nilidhani tumetendewa wema.

"Jaza, binti," akasema mama mmoja wa mtaani. "Mama yako hapendi kungoja na wenzake."

Wanawake wakacheka. Kijana aliyekaa ukutani akadakia, "Mathe ni mdosi siku hizi, bosi kabisa! Mpisheni!"

Nilijaza. Maji yakanirukia miguuni na sikuinua macho, kwa maana sasa nilikuwa nimeelewa.

Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha biskuti. Wiki ile jirani yetu, mjamzito, alifukuzwa kwa kosa la kukalia katoni wakati wa kazi. Wanawake wa kiwandani wakakutana nyumbani kwetu, wakaomba, wakaimba, wakakubaliana kwamba hakuna atakayevuka geti mpaka mwenzao arudishwe. Wa kwanza kusimama na kusema hivyo alikuwa mama yangu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimejaa fahari.

Asubuhi yake msimamizi alifungua kilango kidogo kilichomo ndani ya geti, akamwita Mama pembeni, akamwahidi kazi ya kudumu. Kilango chenyewe ni kifupi, hakipitiki bila kuinama. Mama aliinama, akaingia, wenzake wote wakimwona.

"Mtungi wetu wameuweka mbele," nilimwambia Mama jioni ile nilipofika nyumbani.

Aliendelea kuchambua mboga ya sukuma, hata ile aliyokwisha kuichambua.

Kesho yake jioni alikwenda bombani mwenyewe, nikamfuata. Mtungi, niliokuwa nimeuacha mkiani mchana, ulikuwa mbele tena. Walipomwona, kicheko kilikatika.

"Tangulia, dada," akasema yule mama wa jana. "Una haraka ya kazi."

Mama aliuinua, akapita nao mbele ya kila mtu hadi mkiani, alikokuwa jirani yetu ameshika kiuno kwa uzito wa mimba. Akauweka nyuma ya mtungi wake.

"Foleni ni ndefu," jirani akasema bila kumtazama.

"Naiona."

Maji yalikatika kabla hatujalifikia bomba. Tulirudi na mtungi mtupu ukinigonga goti, na ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitamani ungekuwa bado mbele.

Alfajiri wanawake walitoka tena kwenda kukaa nje ya geti. Mama alifunga leso, akatoka nyuma yao. Hakuna aliyemwambia asogee, wala aliyemwambia arudi. Nilibaki mlangoni na vyombo vichafu, nikimtazama akipunguza mwendo kila walipopunguza, asije akawafikia.