Folda ya Patron

Kabla ya kugusa kibodi, fundi wa kompyuta hufuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kama bwana harusi anayekaribishwa chakula ukweni. Mukagasana, mchoraji wa ofisi ya madaraja hapa Gisenyi, leso hiyo imemchosha. Programu mpya ya michoro haifunguki, kwa sababu fundi ameyaweka mafaili yake kwenye folda yenye jina zima la patron, mkuu wa ofisi, na "Mheshimiwa Injinia" mbele, na programu haikubali njia ya faili iliyo ndefu hivyo. Kila asubuhi fundi anaiandika upya njia ileile kwa kidole kimoja, akilinong'ona jina kama sala, na kila asubuhi inagoma. Huko Busasamana watu wanangoja daraja, wanavuka korongo nguo zikiwa magotini. "Si ufupishe tu," Mukagasana anamwambia. "Kukata jina ya patron? Mama, unataka banifukuze?"

Jumatatu redio ikatangaza kwamba patron ameondolewa. Fundi akaja bila leso, akafuta jina lote, akaandika "michoro" tu. Programu ikafunguka papo hapo. Mukagasana akanyoosha mkono kuchukua mausi, fundi akauzuia. "Ngoja kwanza, Mama. Ule mupya anaitwa nani?"