Darasa Lililotoka Nje

Siku ya kwanza nilipohamishiwa idara ya masomo ya mtandaoni, nilifika nikiwa na chaki mkobani. Nilikuwa nimefunza walimu wa chekechea tangu ujana wangu, kwanza Bondo, kisha Kisumu mjini, na bila chaki sikujua mkono niuweke wapi. Mkuu wa Idara, bwana nadhifu asiyependa mzaha, alinionyesha kompyuta na kamera yake. "Madam, ukifundisha angalia hapa kwa kamera, si picha yako." Nilijiangalia wiki nzima.

Niwaeleze nyinyi mnaoianza kazi hii. Kuna somo la moja kwa moja, ambapo wote hukutana wakati mmoja, na kuna somo lililorekodiwa, ambalo mwanafunzi hulifungua akipata nafasi. Hili la pili liliwaokoa wengi. Mama mmoja muuza omena wa Nyalenda alisikiliza akishafunga kibanda, akanirudisha nyuma mara ngapi sijui, nami sikuchoka. Ubaoni ningekuwa nimeshakasirika. Lakini bando likiisha, somo limeisha, na asiwadanganye mtu kwamba mtandao hauna taabu zake.

Basi nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Adhiambo, wa huko mbele ya Kisian. Alibakisha muhula mmoja, na shule ya kijijini kwao ilikuwa imemwahidi kazi akipata cheti. Mumewe akafariki. Baada ya mazishi alirudi darasani kwa simu, nikamsifu. Kisha akatoweka, nikampigia.

"Madam, mama mkwe amekataa," akasema. "Mimi bado niko kwa matanga. Siwezi ingia nyumba ya mtu mpaka tumalize. Sasa yeye ameona kwa simu viti za watu, kabati, hata kitanda ya mtu. Anasema naingia kwa watu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mwiko huo naujua tangu utotoni: mjane akiingia nyumba ya wengine kabla ya wakati wake, huenda akawapelekea chira, yale madhara yanayomfuata aliyevunja mwiko. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa akiwalinda watu asiowajua.

Nikamwomba Mkuu aturuhusu tuzime kamera. "Uso usioonekana haujahudhuria," akasema, "na asiyehudhuria hafanyi mtihani. Hiyo sheria si yangu, Madam." Nilitoka nimefura kwa hasira, nikampigia mama mkwe mwenyewe.

"Mama, kwa nini umekataa Adhiambo asome?"

"Nani amekataa masomo? Mimi nimekataa nyumba za watu."

"Na sisi wote tukikaa nje?"

"Nje ni nje, nyathina, mwanangu. Nje hakuna mlango."

Niliwaandikia wanafunzi wote: toeni viti uani. Wakatoka. Mmoja alikaa chini ya kamba ya nguo, mwingine kando ya banda la kuku, na jogoo wake akachangia mada kuwashinda wengi. Mimi nilibeba kompyuta hadi nyuma ya nyumba yangu Kaloleni. Adhiambo alikaa kwenye kigoda, mama mkwe nyuma yake akikagua kila picha. Mkuu akaingia kuangalia mahudhurio. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Nyuso zote naziona." Mara picha yake ikaanza kutikisika, na iliposimama, alikuwa ameketi kwenye nyasi za chuo na tai yake shingoni.

Tulisoma hivyo karibu muhula wote. Mvua ikitishia, tulianza mapema.

Sasa nimestaafu, na Adhiambo anafundisha watoto kijijini kwao. Vijana wakiniuliza faida ya masomo ya mtandaoni, huwaambia kwamba darasa linaweza kumfuata mtu alipo, hata msibani, mradi mwalimu naye akubali kusogea.

Somo letu la mwisho kabla ya mtihani, matanga yalikuwa yamemalizika. Hakuna aliyetuambia, kwa hiyo tulikaa uani kama kawaida. Mama mkwe akaichukua simu mkononi mwa Adhiambo, akaanza kutembea nayo. Tukaona kizingiti, kisha viti vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na picha ya marehemu ukutani. Juu ya meza palikuwa na birika la chai na vikombe vingi kuliko watu wa nyumba ile.

"Karibuni ndani," akatuambia. "Wote."