Nitafunga Mafundo Nikiamka

Ovaloki ya dada yangu, mashine ya kushona kingo zisifumuke, ilibaki mezani, chumbani kwetu mtaa wa Najma, Doha, na suruali nyeusi ya askari mmoja wa lindo ikiwa imelazwa juu yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshafupishwa na kupigwa ovaloki ukingoni, wa pili bado. Dada aliona uzi unakaribia kuisha, akaukata, akaweka koni tatu mpya nyuma ya mashine. Kisha akasema kifua kinambana.

"Ngoja nijilaze kidogo," aliniambia. "Nitafunga mafundo nikiamka."

Hakuamka. Jeneza likasafiri kwenda nyumbani bila mimi, kwa kuwa sikupewa ruhusa kazini. Nikabaki na mashine.

Asiyewahi kutumia ovaloki ajue jambo moja. Nyuzi zake hupita njia zilizopinda ndani ya chuma, mahali ambapo hata kibano huhangaika kufika. Kwa hiyo fundi hachomoi uzi wa zamani. Huukata karibu na koni, hufunga uzi mpya kwenye ncha yake kwa fundo dogo, halafu huvuta taratibu. Uzi unaotoka ndio unaouonyesha njia unaoingia. Ncha tatu za dada zilikuwa zinaning'inia hapo, zikingoja.

Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Niliacha shule darasa la sita. Nimefungua redio, saa, pasi za watu. Nimeuza mitumba Mombasa, nimelea watoto wa wenyewe Muscat, na wakati huo nilikuwa nafagia ofisi Doha. Dada alikuwa akinicheka: "We msichana, kufungua unajua. Kufunga ndiko hujawahi." Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwambia nimeuchoka mji huu, nataka kwenda kwingine, sijui wapi. Aliendelea kukanyaga pedali. Kwetu, mtu aliyeumia na asiseme huambiwa ana fundo moyoni. Mpaka leo sijui alikuwa anasema mafundo yapi.

Mwezi ulipita, nikapata kazi ya nyumbani mtaa wa Al Thumama, na chumba nilichoahidiwa huko kilikuwa kama kabati. Mama mmoja Mganda, fundi wa duka la chini, aliitaka ovaloki.

"Nyabo, chuma kisichofanya kazi kinaliwa na kutu," aliniambia. "Ama ushone, ama unipe."

Nikamwomba anivumilie mpaka Ijumaa. Kila nilipowaza mkono wa mtu mwingine ukizivuta zile ncha, nilizifunika kwa kitambaa. Lakini hata nikizivuta mimi zitatoka. Nikishona tu, hakutabaki uzi wake hata mmoja ndani ya mashine ile.

Ijumaa asubuhi mwenye suruali akabisha hodi.

"Siz, pole tena," alisema, hataki kuingia. "Naona hata aibu kuuliza. Ile suruali... hii yangu nyingine imeisha huku nyuma. Jana nimelinda geti nikiwa nimeegemea ukuta siku nzima."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu jeneza liondoke. Nikamwambia akae.

Nikafunga mafundo matatu. Mawili yalipita. La tatu likagoma kwenye tundu la sindano, ndipo nikakumbuka dada alivyokuwa akifanya: la sindano hukatwa, uzi ukatungwa kwa mkono. Nikajaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Uzi wake ulitoka, mweusi, ukafuatwa na wangu, mweusi vilevile. Nilitafuta mpaka uliopo kati yao, sikuuona.

Kisha nikapitisha mguu wa pili wa suruali. Ovaloki ina kisu, hukata ikishona, na mimi nilikisukumia kitambaa kingi kupita kiasi. Kijana akaenda kuivaa nyuma ya pazia. Halafu nikasikia:

"Siz, mguu huu umepanda juu, unavuka mto. Ule mwingine umebaki ng'ambo."

Alipotoka akaniangalia usoni, akaacha mzaha. "Khalas, basi, iache tu. Mudir, bosi wetu, huangalia viatu tu."

Lakini dada hakuwahi kutoa kazi iliyopinda. Na njia ya kuirekebisha ilikuwa moja: kuupunguza ule mguu mzuri ulingane na wangu. Ule mshono ulikuwa wa mwisho wa mkono wake. Nilipima, nikachora chaki, nikapima tena. Ovaloki hairudi nyuma. Kisu chake hutangulia, sindano hufuata.

Nikakanyaga pedali. Utepe mwembamba wenye mshono wake ukadondoka kwenye vumbi la nyuzi.

Kijana aliondoka na miguu iliyolingana. Nikashuka kumwambia yule mama kwamba mashine inakwenda nami Al Thumama.

"Kumbe umejifunza?"

"Bado. Nimeharibu suruali moja."

"Moja tu?" akasema. "Mimi niliharibu mpaka gauni la bibi harusi."

Sasa ovaloki iko chini ya kitanda changu, na siku zangu za mapumziko naitoa. Ule utepe nimeuweka kwenye kopo la sindano. Upande alioshona yeye haujafumuka hata kidogo. Upande nilioukata mimi unaachia nyuzi kila ninapougusa.