Fungu la Kwanza la Mchicha

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni asubuhi moja ya mwisho wa miaka ya sabini, mtaani Tsaramandroso, Mahajanga. Mjomba alikuwa amekuja kutoka kisiwa cha Nosy Be kutuchukua. Ghasia dhidi yetu sisi wenye asili ya Komoro zilikuwa zimepita, lakini baba yangu alikuwa kaburini, majirani wengi wamerudi visiwani, na sisi tuliobaki tulishinda ndani, mlango umetiwa komeo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya Koko, bibi yangu mzaa baba. Mchicha, bamia, nyanya, na mnavu uliojiotea. Sokoni hatukuthubutu kwenda, tulikula kilichoota pale. Nitasema kweli: hata katika hofu ile kilikuwa kitamu. Bamia uliyoichuma maji yakichemka jikoni haina mfano.

Kabla ya ghasia, fungu la kwanza la kila mchicha mpya halikuingia chunguni mwetu. Lilikwenda kwa Mama Soa, jirani yetu Msakalava, mwenyeji wa pale, ng'ambo ya ua wa mabati, naye alituletea la kwake. Tangu msiba wetu hakuna aliyevuka. Watu walisema mwanawe wa kiume alionekana katika lile kundi lenye mapanga lililomuua baba.

Asubuhi ile Koko alikata mchicha, akaufunga kwa ukamba wa mgomba, akanipa.

"Mpelekee Mama Soa."

Mjomba alisimama. "Unamtuma mtoto kwa watu wale?"

"Namtuma kwa jirani. Akiula, tunabaki. Akiukataa, nafunga mizigo leo, wala hutanisikia nikinung'unika."

Mama Soa alifungua mlango kidogo. Aliutazama mchicha, hakunitazama mimi. Mjini kwetu watu waliogopa chakula kitokacho kwa mtu aliyeumizwa, wakihofia sumu ya kisasi, nami nilijua anafikiri nini.

"Ingia," alisema kwa Kimalagasi.

Aliuosha, akaukata, akautia nyanya na tangawizi juu ya jiko la mkaa. Mimi niliketi, nimeikalia mikono yangu.

"Bibi yako bado anasema mchicha wangu ni wa kulisha bata?"

Sikuweza kucheka. Akapakua juu ya wali.

"Kula wewe kwanza."

Nilikula. Majani yalikuwa laini, yana ule utamu wa mboga iliyotoka shambani saa hiyo hiyo. Alinitazama nikimeza. Kisha akachukua kijiko changu, akala, akala tena, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Mwanangu alikuwa nje siku ile," alisema. "Sijui alifanya nini. Sijathubutu kumuuliza. Mwambie bibi yako, asije akala cha kwangu bila kulijua hilo."

Nilirudi nikayasema yote, neno kwa neno, mbele ya Mjomba.

"Umesikia mwenyewe, mama," Mjomba alisema. "Tufunge mizigo."

Koko alinigeukia mimi.

"Amekula?" aliniuliza.

"Amekula, Koko."

"Basi tunabaki."

Hakusema amesamehe, na hadi anakufa sikumsikia akilisema neno hilo. Lakini siku chache baadaye Mama Soa alipitisha fungu la mnavu juu ya mabati, Koko akalipika, nasi tukala. Komeo likaanza kufunguliwa mchana.

Mimi niliolewa huku Nosy Be. Kibustani changu kimebanwa na kuta za hoteli za Ambatoloaka. Juzi nimepata habari kwamba Mama Soa amezikwa, nami sikuwahi maziko. Ndiyo maana nakuandikia.

Panda mboga, mwanangu, hata kama una kopo moja tu la udongo. Uzile zikingali na umande, usingoje zilegee. Na zikistawi, mpelekee kwanza yule ambaye unaogopa kubisha mlangoni kwake. Usisubiri moyo upone, maana huenda usipone. Ila ukiketi kula naye, useme lile unalolijua, hata likiwa dhidi ya mwanao.

Mungu akupe udongo mwema na kisima kisichokauka. Akukinge na njaa, na akukinge na kula peke yako. Amina.