Mwamba Wenye Tumbo

Mjukuu wangu ni mhandisi. Juzi alinionyesha anavyosanifu daraja kwenye kompyuta. Kabla nguzo haijasimama, mashine humwuliza kimo chake, unene wake, na chini imekaa juu ya nini. Akachagua mwamba, akaendelea. Moyo ulinichoma. Nikasingizia macho, nikaenda kukaa barazani.

Miaka ile tulipopata uhuru nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya barabara, Kwale. Kijana wa Msambweni, suruali imepigwa pasi, kichwa kimevimba. Tulikuwa tunajenga daraja dogo njia ya Jego. Kila nguzo ilikuwa na fomu yake, na swali la mwisho lilikuwa hilohilo la kompyuta. Wa kulijibu alikuwa mzee mmoja wa Kidigo, mchimba visima, tuliyemwajiri apime ardhi kwa mtaimbo.

Kwenye nguzo ya tatu mtaimbo uligonga jiwe. Mzee akagonga tena, akatega sikio.

"Mwanangu, mwamba huu una tumbo."

"Basi mzee, tumtafutie mkunga!"

Vibarua wakaangua kicheko, nami nikajiona mcheshi. Alikuwa akisema kwamba jiwe ni jembamba na chini yake kuna uwazi. Nilimwelewa vizuri sana. Nimekulia kwenye matumbawe hayo. Lakini ilikuwa Ijumaa, jua kali, na kupima upya kungetuchukua siku nzima. Nikaandika "mwamba", basi. Mzee hakujua kusoma, akatia kidole gumba.

Masika yalipokuja nguzo ya tatu ikadidimia, daraja likainama upande. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mkubwa wetu akaitoa fomu, akakiona kile kidole, akamfukuza mzee papo hapo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza. Kusema tu kwamba alituonya kungetosha. Sikusema. Mzungu mmoja alikuwa akijiandaa kurudi kwao, na kiti chake nilikuwa nimekwisha ahidiwa. Nilikitaka, na nilikipata.

Kesho yake mzee akaja kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka uniandikie barua. Nasikia Samburu wanatafuta wachimbaji, nao wajue kwamba mimi si mzembe. Maneno yangu wewe uliyaandika. Ni yule mkubwa wenu tu hakuyasoma."

Nikavuta karatasi. Nikaandika kwamba ni mwaminifu, hodari, mwenye sikio la kazi. Yote kweli tupu. Nikatia sahihi.

"Hebu nisomee."

Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na lile la tumbo, umelitia?"

Nikainamia karatasi, nikamsomea kwa sauti ya wazi sentensi ambayo haikuwamo. Akaikunja barua taratibu, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.