Sahani ya Fundi wa Redio

Mjukuu wangu anasomea shahada kwa simu, amelala kifudifudi kitandani, na mwalimu wake yuko nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Watu huniuliza kama sishangai. Sishangai hata kidogo. Mimi nilisomeshwa na mtu aliyekuwa Moroni, kisiwa kingine, nikiwa nimekaa nyumbani kwetu Mutsamudu, na mama akamlisha.

Ilikuwa baada ya uhuru. Walimu Wafaransa walifungasha virago karibu wote kwa pamoja, shule yangu ikafungwa, na vijana walioshika serikali wakaanzisha masomo ya redio. Nilikuwa nimefika umri wa msichana kuwekwa ndani, kwa hiyo masomo hayo yalinifaa mno. Hesabu ilikuja alasiri, kwa Kingazija, lugha ya upande wa Moroni. Sisi ni Wanzuani. Siku za mwanzo nusu ya somo ilinipita, na mama alinung'unika kuwa yule bwana anameza maneno kabla hajayatafuna.

Lakini alimheshimu. Kwetu mwalimu huitwa fundi, awe wa Kurani au wa hesabu, na fundi ana haki zake. Akitoa salamu redioni, mama aliitikia kwa sauti. Alinitandikia mkeka, akanitaka nijifunike kichwa, na ole wake atakayezima redio fundi akiwa bado anasema. Betri zilikuwa adimu, lakini adabu kwanza.

Somo la mwisho lilipoisha, fundi akatangaza kuwa mtihani utafanyika Moroni, na atakayefaulu atafundisha. Nilitaka kufundisha kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Nikamwambia mama.

"Utafikia kwa nani?" akauliza.

Mjomba wangu, mfanyabiashara wa karafuu, alikwenda Moroni mara kwa mara, lakini alilala ghalani bandarini na wanaume wenzake.

"Basi huna mtu," mama akasema. "Binti yangu hatupwi kwa watu nisiowajua."

Nilinuna. Yeye akaingia jikoni. Katika chuo cha Kurani, mtoto akimaliza juzuu, mzazi humpelekea fundi chakula, na kwa mama redio haikuwa sababu ya kuvunja desturi. Isitoshe, serikali ilikuwa imepiga marufuku karamu kubwa za harusi, na mikono ilikuwa ikimwasha kwa hamu ya kupika. Akaoka mkate wa sinia, wa unga wa mchele na nazi, akaupanga kwenye sahani yake ya maua isiyotoka kabatini ila kwa sherehe, akaifunga kwa leso na kumkabidhi mjomba.

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Dada, mtu wa redio nitampata wapi?"

"Redioni," mama akasema.

Niliona aibu, nikijua Moroni nzima itatucheka.

Mjomba aliporudi alikuwa na sahani, imefungwa kwa leso ileile. Mama akaifungua taratibu. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, kila nyumba visiwani inajua hilo. Ndani mlikuwa na chaki, nyeupe na chache za rangi, zimepangwa vizuri kama vilivyopangwa vipande vya mkate.

Mama akachukua moja, akaigeuza mkononi. Nikadhani amechukia.

"Huyu ana mama," akasema. "Kuna mtu alimlea. Funga nguo zako, mwanangu."

Nilifurahi hadi nikalia, nikamlowesha bega.

Fundi mwenyewe, nilipomwona Moroni, alikuwa kijana mwembamba ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kuota. Akatupeleka kwao, mimi na mjomba. Mama yake alikuwa mlangoni. Akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, binti wa sahani," akasema. "Siku ile nyumba ilikuwa haina kitu. Nikamwambia mwanangu atie alicho nacho."

Nililala kwake mpaka mtihani ukaisha. Nikafaulu, nikafundisha hadi nywele zikageuka rangi ya zile chaki. Na siku nilipoondoka Moroni, mama wa fundi alinipa sahani yake, imejaa, nimpelekee mama.

Mjukuu wangu anamaliza mwezi ujao. Sahani ya maua ya mama nimeshaitoa kabatini na kuiosha. Kilichobaki ni aniambie huyo mwalimu wake anakaa wapi.